Nani Alimuua Kapteni Alex? Mwisho Wazi, Sauti ya VJ na Nafasi ya Kiswahili katika Vibanda vya Video vya Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala wa watazamaji kuhusu hadithi za fumbo ambazo hazitoi jibu mwishoni. Mfano mkuu ni filamu ya Uganda ya mwaka 2010, *Who Killed Captain Alex?*, ambayo jina lake ni swali na ambayo inamalizika bila kulijibu swali hilo. Tunaeleza kwamba katika vibanda vya video vya Kampala mwisho wazi haumfikii mtazamaji moja kwa moja, bali hupitia sauti ya VJ, yaani msimulizi anayeifasiri na kuifafanua filamu papo kwa papo. Kwa hiyo mjadala wa nani ameua ni mjadala pia wa nani ana mamlaka ya kuifunga hadithi. Makala yanachanganua nyenzo za kisarufi ambazo Kiswahili na Kiganda humpa msimulizi ili aiache shaka ikiwa hai, kisha yanadai kwamba Kiswahili, ambacho nchini Uganda kimesikika kwa muda mrefu kama lugha ya amri, kinaweza kupata katika vibanda hivi nafasi ya kuwa lugha ya hoja. Mwisho, tunatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Mnamo tarehe 10 Juni 2007, sehemu ya mwisho ya tamthilia ya runinga ya Marekani, *The Sopranos*, ilikatika ghafla na skrini ikawa nyeusi. Watazamaji wengi walidhani mitambo yao imeharibika. Walipotambua kwamba huo ndio mwisho uliokusudiwa, ulianza mjadala ambao haujaisha hadi leo: je, mhusika mkuu aliuawa au hakuuawa? Mjadala wa namna hiyo umezoeleka kuelezwa kama tukio la nchi zenye runinga kubwa na wahakiki wa kulipwa. Katika taaluma yetu ya Kiswahili, tamthilia za runinga na filamu huchunguzwa zaidi kwa maudhui yake na kwa uchanganyaji wa msimbo, na mara chache kwa namna watazamaji wanavyobishana baada ya taa kuwashwa.

Hata hivyo Kampala ina mfano wake, na kwa namna fulani mfano huo ni mkali zaidi. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, ajulikanaye kama Nabwana I.G.G., alianzisha mwaka 2005 kampuni ya Ramon Film Productions, ambayo baadaye ilifahamika duniani kwa jina la Wakaliwood. Filamu yake ya mwaka 2010, ambayo tunaweza kulifasiri jina lake kuwa *Nani Alimuua Kapteni Alex?*, ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana, kwa zana zilizoundwa kutokana na vyuma chakavu na kwa waigizaji waliojitolea. Ilikusudiwa watazamaji wa mtaani. Mwaka 2015 ilipowekwa kwenye mtandao wa YouTube, ilitazamwa na mamilioni ya watu katika nchi ambazo mtengenezaji wake hakuwa amezifikiria alipokuwa akiipiga picha.

Maswali matatu yanaongoza makala haya. Kwanza, mwisho usio na jibu huwafikiaje watazamaji wa kibanda? Pili, lugha humsaidiaje msimulizi kuihifadhi au kuiondoa shaka? Tatu, jambo hili linahusu nini sera ya Kiswahili nchini Uganda? Mkabala tunaoutumia ni uchanganuzi wa matini na wa desturi ya usimulizi. Hatukusudii kuhesabu watazamaji wangapi wanashikilia jibu gani.

2. Kibanda na sauti ya tatu

Kibanda cha video ni ukumbi mdogo, mara nyingi wa mbao na mabati, wenye mabenchi, runinga au projekta, na spika zenye nguvu. Kiingilio ni cha chini. Siku ya mechi za ligi ya Uingereza ukumbi huwa wa mpira, na siku nyingine huwa wa filamu na tamthilia. Kinachokitofautisha kibanda cha Kampala na sinema ya kawaida ni VJ. Huyu ni mtu anayeshika maikrofoni na kuisimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti yake ya asili. Anafasiri mazungumzo, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza mila za ughaibuni, anatania, anaonya na kutabiri. Usimulizi wa VJ mashuhuri hurekodiwa pia na kuuzwa pamoja na filamu au mfululizo wenyewe, na mteja dukani huweza kuuliza kazi ya VJ fulani kabla hajauliza jina la filamu.

Desturi hii ina ndugu zake. Nchini Tanzania, marehemu na walio hai, wapo wasimulizi walioufanya ufasiri wa filamu kwa Kiswahili kuwa fani, na jina la Lufufu linajulikana kwa wapenzi wa filamu wa Dar es Salaam. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani. Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu namna Waafrika wanavyozitwaa hadithi za kigeni, amewatendea haki wasimulizi wa Tanzania kwa kuwaona kama wasanii. Nje ya Afrika, Japani ilikuwa na wasimulizi wa filamu bubu walioitwa *benshi*, ambao kwa miaka mingi walivutia watazamaji kuliko waigizaji wenyewe.

Katika eneo letu desturi hii ina historia ya kikoloni pia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha katika nchi kadhaa za eneo hili, Uganda ikiwemo. Baadaye, magari ya sinema ya serikali yalikwenda na wafafanuzi waliosimama karibu na skrini na kuieleza picha kwa lugha za wenyeji. Kazi ya mfafanuzi huyo ilikuwa kuhakikisha kwamba filamu inaeleweka kwa maana moja tu: chimba choo, panda pamba, chanja mtoto. VJ wa leo amesimama mahali palepale aliposimama mfafanuzi wa serikali, lakini hakutumwa na serikali na halazimiki kutoa maana moja. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu.

3. Filamu yenye swali bila jibu

Kisa cha filamu si kigumu. Kapteni Alex, afisa hodari wa jeshi, anapewa kazi ya kuliangamiza genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Makomando wake wanapambana na genge hilo na kumkamata ndugu yake Richard. Kisha Kapteni anakutwa ameuawa. Kaka yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kulipiza kisasi. Richard naye anaanzisha vita ambavyo vinaufikia mji wa Kampala wenyewe kutoka angani. Risasi zinamiminika, majengo yanalipuka, genge linashindwa, na filamu inafika mwisho. Aliyemuua Kapteni hatajwi.

Mtazamaji anaweza kuukabili mwisho huu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta mkosaji ndani ya kisa. Genge lina sababu ya kumchukia Kapteni, lakini filamu haionyeshi mkono uliotenda, na kambi ya jeshi si mahali pa kuingia kila mtu, kwa hiyo hata watu wa kambini hawawezi kuondolewa katika orodha ya washukiwa. Ya pili ni kusema kwamba mtengenezaji amesahau, au kwamba hadithi ya mapigano haihitaji jibu. Ya tatu ni kusema kwamba swali lenyewe ndilo hadithi: kila upande unaua kwa ajili ya kifo ambacho hakuna anayejua kilivyotokea, na vita vinaendelea kwa sababu hakuna aliyesimama kuuliza.

Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuitazama filamu hii usiku mmoja na kushika njia mbili tofauti, kila mmoja akiwa na ushahidi. Lakini kuna jambo linaloufanya ubishi huu kuwa wa pekee. Toleo la filamu lililosalia lina sauti ya VJ Emmie ndani yake. Toleo la awali lisilo na sauti hiyo limepotea, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia kazi katika kompyuta ilikuwa finyu na kazi mpya zilisubiri. Kwa mtafiti wa matini hali hii si ya kawaida. Tumezoea kudhani kwamba kuna matini asilia na kuna ufasiri, na kwamba ubishi ukizidi tunarudi kwenye asilia ili ituamue. Hapa hakuna pa kurudi. Sauti ya VJ, inayocheka, inayosifu na inayouliza pamoja nasi, ni sehemu ya ushahidi.

4. Mamlaka ya kuifunga hadithi

Tuchukulie VJ yeyote anayeikuta hadithi ya fumbo iliyoachwa wazi, iwe filamu au mfululizo wa runinga ambao msimu wake umekatika katikati ya kisa. Ana njia tatu. Anaweza kuifunga, yaani kumtaja mwenye kosa kwa ujasiri kana kwamba filamu imemtaja. Anaweza kuitania, yaani kuufanya ukosefu wa jibu kuwa kichekesho na kuwaaga watazamaji wakiwa na furaha. Anaweza pia kuirudisha, yaani kuwakabidhi watazamaji swali na kuwaacha nalo.

Kila njia ina faida na gharama. VJ anayeifunga hadithi anawapa watu utulivu, lakini anachukua haki ambayo mtengenezaji hakuitumia, na mtazamaji asiyejua lugha ya filamu hana namna ya kujua kwamba jibu hilo ni la VJ. Anayeitania anahifadhi uhuru wa kila mtu, ingawa anaweza kuufanya mzaha kitu ambacho kilikusudiwa kuumiza. Anayeirudisha anahatarisha biashara yake, maana mteja aliyelipa kiingilio anaweza kuona kwamba ameuziwa nusu. Hata hivyo ni huyu wa tatu ndiye anayewafanya watu wabaki wakizungumza nje ya kibanda.

Mapokeo ya simulizi ya Afrika Mashariki yanazitambua njia hizi zote. Kitendawili kina jibu moja, na anayelijua ni mtegaji. Mteguaji akishindwa hutoa mji, na mtegaji akiisha kupokea mji wake hulifichua jibu. Katika Kiganda pia mtegaji hubisha hodi kwa *koyi koyi* na kuitikiwa *lya*, na jibu lipo likisubiri. Hadithi ya upelelezi imerithi mantiki hii. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa hukusanya dalili na mwishoni huzifungua mbele ya msomaji. Msomaji anakuwa ametoa mji, na anapata jibu lake.

Lakini kuna utanzu mwingine, ngano za mtanziko, ambazo William Bascom alizikusanya kutoka sehemu nyingi za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ngano hizi huisha kwa swali, na kazi ya kuamua ni ya hadhira. Thamani yake haimo katika jibu bali katika hoja zinazotolewa. Filamu ya Wakaliga inaanza kama kitendawili na kuisha kama ngano ya mtanziko. Mtazamaji aliyejiandaa kutoa mji anaambiwa mji abaki nao, aamue mwenyewe. Ubishi unaozuka unatokana na kukutana kwa matarajio mawili ya kale katika chombo kipya, na si sahihi kuueleza kama dalili ya watazamaji wasioelewa filamu.

5. Sarufi ya kutojua

Je, lugha ina nafasi gani katika kuihifadhi shaka? Tunaona nyenzo nne zinazostahili kuangaliwa na kila anayefasiri hadithi ya fumbo kwa Kiswahili.

Ya kwanza ni kiambishi cha nafsi. Katika Kiingereza, msimulizi anayetaja muuaji kwa kiwakilishi cha umoja kwa kawaida hulazimika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, ama atafute njia ya kukwepa. Kiswahili hakina tatizo hilo. Tukisema *aliingia hemani akachukua bunduki yake*, hatujasema kama aliyeingia ni mume au mke. Tena hatujasema kama bunduki ni ya aliyeingia au ya mwenye hema. Sentensi moja ya kawaida imebeba mafumbo mawili bila kujikakamua. Kiganda, kikiwa ni lugha ya Kibantu, kina sifa hiyohiyo ya kutotenga jinsia katika kiambishi cha nafsi. Kwa hiyo mfasiri anayetoka Kiingereza kwenda Kiganda au Kiswahili huweza kukuta kwamba siri iliyovuja katika lugha chanzi imezibwa katika lugha lengwa.

Ya pili ni kauli ya kitenzi. *Kapteni amekufa* haina mtendaji. *Kapteni ameuawa* ina mtendaji asiyetajwa. *Kapteni amekutwa amekufa*, muundo unaopendwa na magazeti yetu, unarudi nyuma hatua nyingine, kwa kuwa unaeleza tu kile walichokiona waliofika. Jina la filamu linatanguliza dhana kwamba yupo aliyeua. Mfasiri anayechagua kauli moja badala ya nyingine anaipanua au kuipunguza orodha ya washukiwa kabla hadithi haijaanza.

Ya tatu ni kiambishi -ka-. Linganisha *mwanamke aliingia hemani, Kapteni akafa* na *mwanamke aliingia hemani. Kapteni alikufa*. Sentensi ya kwanza haisemi kwamba mwanamke ameua, lakini mfululizo wa matukio unamwelekezea kidole. Ya pili inayaweka matukio mawili kando kwa kando na kumwachia msikilizaji kazi ya kuyaunga. VJ anayesimulia kwa kasi huelekea kutumia mfululizo kwa sababu unaisukuma hadithi mbele, na hivyo anaweza kumtia mtu hatiani bila kukusudia.

Ya nne ni vielezi na vihisishi vya ujuzi. Kiganda kina neno *mbu*, ambalo msemaji hulitumia kuonyesha kwamba anachosema amekisikia na hakibebei dhamana. Kiswahili kina *eti*, ambalo huongeza chembe ya kutoamini. Vilevile tuna *huenda*, *yamkini*, *inasemekana* na *nadhani*, kila moja likiwa na uzito wake. Upande wa pili kuna *kumbe*, neno la ugunduzi, ambalo hutamkwa pale pazia linapoanguka. Riwaya ya upelelezi ni safari ya kutoka *eti* hadi *kumbe*. Hadithi yenye mwisho wazi ni ile ambayo *kumbe* yake haikuja, na VJ anayeitamka mahali ambapo filamu haikuitamka amebadilisha utanzu wa kazi nzima kwa neno moja.

Nyenzo hizi zinaonyesha kwamba shaka katika Kiswahili haitokani na upungufu wa lugha. Ina ngazi na inaweza kupimwa. Anayefasiri tamthilia ya fumbo bila kuzijua ngazi hizo atatoa ama hadithi isiyo na siri au siri isiyo na hadithi.

6. Swali ambalo mji unalijua

Ingekuwa kosa kuliona swali la nani aliua kama mchezo wa sinema tu. Tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka katika Mahakama Kuu ya Kampala. Mwili wake haukupatikana. Mwaka 1974 iliundwa tume ya kuchunguza watu waliotoweka, na mwaka 1986 ikaundwa nyingine ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, chini ya uenyekiti wa Jaji Arthur Oder, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1994. Familia nyingi zilitoa ushahidi, na nyingi zilibaki bila jina la aliyetenda. Mtazamaji mzee anayekaa katika benchi la kibanda amewahi kuishi ndani ya hadithi isiyo na *kumbe*. Kijana aliye karibu naye amezisikia hadithi hizo nyumbani. Wanapocheka kwa pamoja kwamba filamu imeisha na muuaji hajulikani, kicheko hicho kina historia.

Historia hiyo inakigusa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili kilienea Uganda kwa njia nyingi, zikiwemo biashara na reli, lakini njia iliyoacha alama kubwa katika fikra za watu wa Buganda ni jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi, Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wakazi wengi wa Kampala tangazo hilo liliungana na sauti za vizuizi vya barabarani. Lugha iliyosikika ikisema *simama*, *toa kitambulisho* na *lala chini* haikusahaulika kwa urahisi. Ilikuwa lugha ya hali ya kuamuru, na amri haina *huenda*.

Tangu hapo sheria zimebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na mwezi Julai 2022 liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mafanikio. Lakini tangazo la kufundisha kwa lazima, hata likiwa na nia njema, bado ni amri. Mtoto wa Kampala atakutana na Kiswahili kama somo la mtihani wenye majibu sahihi na yasiyo sahihi. Atakutana nacho wapi kama lugha ya kubisha, ya kukisia, ya kumwambia mwenzake *hapana, mimi sidhani hivyo*?

Jibu letu ni kwamba mahali pamoja panapofaa ni mbele ya hadithi isiyo na jibu. Ubishi wa watazamaji unadai hasa zile nyenzo ambazo Kiswahili cha amri hakikuwahi kuzihitaji: vielezi vya shaka, masharti ya *-nge-* na *-ngali-*, kunukuu maneno ya mwingine, kukubali kwa sehemu na kukataa kwa sehemu. Mtu anayejua kusema *kama angekuwa mwanajeshi wa kambini, mlinzi asingeshtuka* ameingia katika lugha kwa mlango ambao mtihani wa msamiati hauufungui.

7. Mapendekezo kwa sera

Kutokana na uchanganuzi huu tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, mipango ya kuongeza Kiswahili katika runinga na sinema za Uganda isitegemee maandishi ya chini ya skrini peke yake. Maandishi yanamfaa anayesoma haraka. Watazamaji wa kibanda wamezoea sauti, na sauti ndiyo inayozua mjadala. VJ wachache wakiwezeshwa kusimulia kwa Kiswahili kando ya Kiganda, watafanya kazi ambayo kampeni za mabango haziwezi kuifanya. Jambo hili lisichukuliwe kama kukiondoa Kiganda, maana VJ hodari huchanganya lugha kwa makusudi, na uhodari huo ndio unaotakiwa.

Pili, mafunzo ya ufasiri katika vyuo vyetu yaingize ufasiri wa hadithi za fumbo kama zoezi maalumu. Mwanafunzi apewe onyesho moja lenye siri na atakiwe kulifasiri mara mbili: mara moja akiilinda siri, mara moja akiifichua, kisha aeleze kila kiambishi alichokibadilisha. Zoezi hili linafundisha sarufi, semantiki na maadili ya mfasiri kwa pamoja.

Tatu, walimu wa Kiswahili wa sekondari watumie hadithi na filamu zenye mwisho wazi katika kupima mazungumzo. Kigezo kiwe ubora wa hoja na usahihi wa lugha inayobeba shaka, si kupata jibu ambalo halipo.

Nne, usimulizi wa VJ uhifadhiwe. Kisa cha toleo la awali la filamu ya Wakaliga kinatuonya kwamba kazi ya sanaa inaweza kupotea kwa kukosa nafasi ndogo katika kompyuta. Rekodi za VJ ni hazina ya Kiganda, na katika nchi jirani ni hazina ya Kiswahili cha mazungumzo. Maktaba za taifa na vyuo vikuu vya eneo letu vizikusanye pamoja na jina la msimulizi, mahali na tarehe, kama tunavyofanya kwa tenzi na hadithi simulizi.

Tano, suala la hakimiliki likabiliwe waziwazi. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, na VJ wengi wanafanya kazi juu ya filamu ambazo hawakupewa ruhusa ya kuzitumia. Kuwafumbia macho ni kuwadhulumu watunzi, na kuwafungia ni kuua fani. Utaratibu wa leseni nafuu, unaoanzia na filamu za Afrika Mashariki ambazo wenyewe wanapatikana kwa mazungumzo, utawapa VJ hadhi ya watoa huduma za lugha na kuwapa watunzi haki yao.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mwisho wazi wa hadithi ya fumbo, unapopita katika kibanda cha Kampala, unakuwa mali ya watu watatu: aliyeutengeneza, aliyeusimulia na aliyebishana juu yake. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili na Kiganda vina sarufi ya kutosha ya kulihifadhi swali lisilo na jibu, na kwamba uteuzi wa kiambishi kimoja unaweza kumtia hatiani mtu ambaye filamu haikumtaja. Kwa nchi ambayo imewahi kuuliza swali hilohilo nje ya sinema na kukosa jibu, uwezo wa kusema kwa usahihi *tunajua hiki, hiki hatukijui, na hiki tunakisia* ni sehemu ya maisha ya umma. Mahakama inauhitaji, gazeti linauhitaji, na mpiga kura anauhitaji. Sera itakayokifikisha Kiswahili darasani na kukiacha nje ya mabenchi ambako watu wanabishana itakuwa imeipa Uganda lugha ya kujibia mtihani, huku ubishi ulio muhimu ukiendelea kwa lugha nyingine.